Kioo cha Mwisho cha Baba Mkwe

Niliishi Ikolo, karibu na ziwa, nyumbani kwa wakwe zangu miezi mingi kabla sijajua baba mkwe wangu ana uso wa namna gani. Sauti yake niliijua vizuri. Nilikijua kikohozi chake cha asubuhi, na jinsi alivyoburuta mguu wa kushoto akitoka barazani, kwa sababu hizo ndizo zilikuwa dalili za kunifanya nikimbie. Nikisikia mguu ule niliacha ninachofanya, nikajifunika kanga kichwani na kuingia migombani mpaka apite.

Kwetu Unyakyusa ndivyo ilivyokuwa. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe, hazungumzi naye, hatamki hata neno linalofanana na jina lake. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza, lakini mama mkwe wangu, aliyebatizwa mapema kuliko wanawake wengi wa pale, hakulegeza kitu. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila kuacha kupepeta mchele.

"Ubatizo ni wa roho," alisema. "Hili ni la tumbo."

Alimaanisha kwamba mwanamke anayejianika mbele ya baba mkwe tumbo lake hufunga, au kilichomo ndani huharibika. Nami wakati huo nilikuwa na kitu ndani. Mume wangu alikuwa amechukuliwa jeshini, vita vya pili vile, akaondoka kabla mimi mwenyewe sijajua kuwa nina mimba. Alikuwa mtoto wao wa kiume pekee aliyebaki hai. Kwa hiyo mama mkwe alilitazama tumbo langu kama mtu anavyoitazama taa yenye mafuta kidogo.

Baba mkwe watu wote walimwita Mwalimu, mkewe pia. Alikuwa amefundisha shule ya misheni miaka mingi. Pale misheni palikuwa na mmisionari mmoja Mjerumani aliyependa nyota kuliko alivyopenda chakula, na Mwalimu ndiye aliyekuwa akimshikia darubini, akimwoshea picha, mwisho akawa anazipiga mwenyewe. Vita vilipoanza, askari walikuja kumchukua yule mzungu. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimletea Mwalimu sanduku. Serikali ilikuwa imeagiza mali za Wajerumani zote zikabidhiwe bomani. Sanduku lile halikukabidhiwa. Lilikaa ghalani chini ya magunia ya mpunga, na nje ya nyumba yetu hakuna aliyetakiwa kujua kuwa lipo, hata mchungaji.

Mimi niliambiwa na mume wangu, majuma machache baada ya harusi. Alizungumza juu ya lile sanduku kwa shauku niliyoionea wivu. Alisema mna darubini ya shaba, na mbele yake hufungwa kioo kizito chenye pembe tatu. Mwanga wa nyota ukipita kwenye kioo kile haubaki nukta tena. Unafunguka kuwa utepe. Wasomi huuita spektra. Ndani ya utepe mna mistari, mingine inang'aa na mingine ni ya giza, na kila kitu kinachoungua kina mistari yake isiyofanana na ya kingine.

"Kwa hiyo nyota inasomwa," nilimwambia.

"Inasomwa. Na zipo zinazolipuka. Ilikuwa haionekani, ghafla unaiona inawaka kupita wenzake, halafu inafifia."

Alisema baba yake na yule mmisionari waliwahi kuipiga picha nyota moja ya namna hiyo, miaka ya nyuma, kwenye kioo kinachonasa mwanga. Ilikuwa nyota ya kawaida kwa jamii yake, ilipanda taratibu na kushuka taratibu. Mmisionari alifurahi lakini hakuridhika. Alisema nyota iliyolipuka kwa kawaida haikuambii mengi mpaka upate moja isiyo ya kawaida, uipige kwa darubini ileile na kioo kilekile cha pembe tatu, kisha uweke tepe mbili kando kwa kando utazame zinapoachana. Siku anachukuliwa alimwomba Mwalimu jambo hilo moja tu.

Mwalimu alibaki na vioo vichache vya kupigia picha. Vingine viliingiwa na unyevu, vikaharibika, mpaka kikabaki kimoja. Na yeye macho yakaanza kufunga. Ugonjwa wa mtoto wa jicho uliingia jicho moja, kisha la pili. Nilipoolewa alikuwa anatofautisha mchana na usiku, na kivuli cha mtu, basi.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, joto la kuchosha, mawingu yanajikusanya kila jioni upande wa mlima Rungwe na mvua haiji. Ndugu yake mama mkwe alitoka ziwani na samaki. Akiwa anakunywa uji barazani alisema kuna nyota imejitokeza juu ya ziwa, kusini, saa za kuelekea alfajiri, nyeupe na kali, mahali ambapo wavuvi hawajawahi kuiona. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia kijiko cha Mwalimu kikisimama.

"Ilianza lini?"

"Hatujui. Juzi tulishangaa tu ipo."

"Na leo ni kali kuliko juzi?"

Mjomba yule alifikiri. "Leo imepungua."

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alimtuma mkewe nje kabla hakujapambazuka aiangalie, na asubuhi ya pili tena. Kila mara jibu lilikuwa kwamba imepungua. Nilimsikia akitembea barazani, mguu ukiburuzwa huku na huku.

"Inashuka haraka mno," alimwambia mkewe. "Ile ya kwanza ilichukua miezi. Hii itakuwa imekwisha kabla ya Jumapili ijayo. Ndiyo yenyewe, mama. Ndiyo aliyokuwa akiitaka."

"Basi aitafute huko aliko."

"Huko aliko amefungwa. Niletee sanduku."

"Utaona nini wewe?"

Alikwenda ghalani mwenyewe kwa kupapasa. Nikasikia kishindo, gunia limeanguka, kisha mama mkwe akilia kwa hasira kwamba mzee atajiua kwa ajili ya mambo ya Wajerumani. Mwalimu alikuwa ameumia kiganja. Kutwa nzima walibishana nani atakuwa macho yake. Mabinti zao walikuwa wameolewa mbali. Mjomba hakuaminika kwa siri. Macho ya mama mkwe yalikuwa hayawezi kutunga uzi kwenye sindano. Hakuna aliyenitaja, lakini kila walipofika mwisho wa hesabu hiyo walinyamaza kwanza ndipo wakaanza upya, nami nikajua kuwa kwenye ule ukimya ndipo nilipo.

Jioni mama mkwe alipoingia jikoni nilimwambia nitafanya mimi.

Aliketi. 

"Na mtoto?"

"Tutaweka wigo wa mianzi katikati. Hataniona."

"Nani anasema habari ya macho yake? Macho yake hayaoni hata mbuzi." Aliinamisha kichwa. "Mwanangu, kama ni kutaka kunipendeza, hunipendezi. Kama ni kumpendeza yeye, mwache. Amezoea kukosa."

Sikuwa nataka kumpendeza mtu. Tangu mume wangu aondoke kazi yangu katika nyumba ile ilikuwa kupika na kujificha. Nilitaka kuiona hiyo nyota, na nilitaka kushika alichokipenda mume wangu. Nilimwambia hivyo, maneno yakanitoka vibaya, nikadhani atanipiga. Badala yake alinyanyuka akaenda kukata mianzi.

Masharti yalikuwa yake. Wigo usimame kati yetu, mrefu kuliko mtu. Mimi nijifunike kichwa. Nisimsemeshe Mwalimu, naye asinisemeshe. Kila neno lipite kwake yeye, aliyesimama mwishoni mwa wigo mahali pa kutuona wote wawili. Mwalimu alikubali upesi mno, kama mtoto anayekubali chochote ili aruhusiwe kutoka.

Tulifanya mazoezi mchana, nyuma ya nyumba, migomba ikitukinga na njia. Darubini ilisimama kwa miguu mitatu ya mbao. Kando ya bomba kubwa la darubini palikuwa na bomba dogo la kuchungulia, lenye nyuzi mbili zilizopishana kama msalaba. Kazi yangu ilikuwa kuiweka nyota kwenye makutano ya nyuzi na kuishikilia pale, kwa sababu mbingu huzunguka na nyota hukimbia. Palikuwa na kirungu cha mti cha kuzungusha kidogo kidogo. Mwalimu alisema kwa Kinyakyusa, maneno ya vifaa akiyachanganya na Kiswahili na Kijerumani. Mama mkwe aliyarudia kama alivyoyasikia, na mengine hakuyasikia. Neno la kirungu lilinifikia kama neno la sufuria. Tulipoteza muda mwingi kwa ajili ya sufuria ile.

"Nyota ikitoka kwenye nyuzi," Mwalimu alisema, "mwambie utepe utachafuka, na hatuna kioo kingine."

"Ikitoka kwenye nyuzi," mama mkwe akarudia, "hatuna kingine."

Alfajiri iliyofuata mawingu yalikuwa yamefunika kaskazini yote na umeme ulikuwa unapiga bila sauti. Upande wa ziwa palikuwa wazi, ila wale wadudu wadogo wa ziwani, warukao kwa makundi makubwa, walikuwa wameamka wakapanda juu kama nguzo za moshi, na nguzo moja ilikuwa ikisogea taratibu kuelekea kwenye nyota yetu. Nyota niliiona mara moja. Haikuwa kali tena kama mjomba alivyosema. Ilikuwa nyota nzuri tu kati ya nyingine, na rangi yake imeanza kuelekea wekundu. Ningeiona bila kuambiwa nisingeshtuka.

Nilichungulia bomba dogo. Nikaizungusha darubini mpaka nyota ikaingia, ikaruka, ikaingia tena. Niliinua macho kuhakikisha. Bomba kubwa lilikuwa halielekei kwenye nyota hata kidogo. Lilikuwa limepinda, linatazama pembeni, kwenye giza. Mchana hatukuwa na nyota, kwa hiyo sikuwa nimeligundua hilo.

"Mama," nilinong'ona, "mwambie bomba kubwa limepinda. Linatazama kwingine."

Mama mkwe alinitazama, akalitazama bomba, akaona ni kweli. Akamwambia mumewe: "Anasema limepinda, analinyoosha."

"Usiguse."

Sauti ile haikupita kwa mama mkwe. Ilipita katikati ya mianzi moja kwa moja mpaka kwangu, kali, ya mwalimu wa darasani, na mkono wangu ulikuwa tayari umelishika bomba.

"Usiguse," alisema tena. "Kioo chenye pembe tatu kinaupinda mwanga. Lazima litazame pembeni ndipo mwanga uingie. Umegusa?"

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amefunga midomo. Alikuwa anangoja nimwambie yeye, ili naye amwambie Mwalimu. Na nguzo ya wadudu ilikuwa inakuja.

"Sijagusa, tata," nilisema, nikimwita baba.

Mama mkwe alitoa mlio mdogo kooni. Aligeuka akaenda, nikasikia mlango wa nyumba ukifungwa. Nilidhani Mwalimu naye atanyanyuka aondoke, na aibu yote ibaki na mimi na lile bomba.

"Nyota ipo kwenye nyuzi?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Ipo."

"Toa kile kibati kilichofunika kioo cha picha. Polepole, usitikise. Umetoa?"

"Nimetoa."

"Sasa usiache kuitazama. Hata nyumba ikiungua."

Saa yetu ilitakiwa kuwa mama mkwe. Walikuwa wamepatana aimbe wimbo wa kanisani, beti zote, arudie na kurudia mpaka Mwalimu atakaposema basi, kwa sababu hapakuwa na saa ya kuonekana gizani na yeye Mwalimu hakuona saa yoyote. Sasa mama mkwe alikuwa ndani. Baada ya kitambo Mwalimu alianza kuimba mwenyewe. Sauti ilikuwa imepasuka, alikosa pumzi katikati ya beti, akakohoa, akaendelea pale alipoachia. Sijawahi kusikia wimbo ulioimbwa vibaya namna ile.

Mimi nilikuwa nimeinama, jicho moja kwenye bomba, vidole kwenye kirungu. Nyota iliteleza nikairudisha. Ikateleza tena. Jasho liliingia jichoni. Mgongo ulianza kuuma, kisha tumbo likakaza kwa chini, likashika, likaachia. Nikajiambia ni kuinama. Likashika tena. Toka ndani ya nyumba nilisikia mama mkwe akiomba kwa sauti, anamwita Kyala, yaani Mungu, anamtaja mwanaye aliye vitani, anataja tumbo langu. Nilitaka kugeuka. Nikaona nyota inauacha uzi, nikazungusha kirungu. Kila alipotaja tumbo, tumbo lilijibu.

"Inatikisika?" Mwalimu aliuliza kati ya beti.

"Hapana."

"Wewe unatikisika?"

Nilikaza vidole kwenye kirungu. Aliendelea kuimba.

Nyota ilianza kufifia mbele ya jicho langu, nikajua wale wadudu wamefika. Ikawa kama taa nyuma ya moshi. Ikapotea. Nilibaki nazungusha kirungu kwa kukisia, kwa mwendo uleule, nikiutazama weusi mtupu palipokuwa na nyota, na Mwalimu anaimba asijue. Nilihesabu pumzi zangu. Ilipojitokeza tena ilikuwa palepale, imegusa uzi.

"Basi," Mwalimu alisema. "Funika."

Nilifunika, nikakaa chini. Upande wa ziwa mbingu ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Kuosha kioo kulitakiwa kufanywe kwenye giza kabisa, kwa dawa za unga zilizobaki kwenye makopo, na Mwalimu alizijua kwa kunusa. Gizani macho hayakuwa na kazi, mikono ndiyo iliyofanya. Mimi nilitakiwa kushika bakuli na kumwagia maji. Maana yake kuingia ghala moja, mlango ukiwa umezibwa, mimi na yeye. Nilisimama nje ya ghala na kile kioo ndani ya kasha lake, sijui niingie au nikimbie. Mama mkwe akatoka nyumbani. Macho yalikuwa mekundu. Alinipita, akaingia ghalani kwanza, akasimama katikati.

"Ingia," aliniambia. "Simama nyuma yangu."

Tuliosha hivyo, watu watatu kwenye giza la mpunga, mama mkwe katikati akipokea na kupitisha bakuli za udongo za Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, alizokuwa akihifadhia samaki. Harufu ya dawa ilichoma pua. Hakuna aliyesema zaidi ya "maji" na "bado".

Tulipofungua mlango jua lilikuwa limetoka. Mama mkwe alishika kanga yake wazi kati yangu na Mwalimu, mikono imenyooka, nami nikakiinua kioo kuelekea kwenye mwanga.

Mume wangu alikuwa ameniambia kwamba kwenye kioo mambo hugeuzwa, kinachong'aa angani hutoka cheusi. Niliutafuta utepe nikaupata katikati. Ulikuwepo. Lakini ulikuwa umechafuka. Palipotakiwa kuwa na mistari myembamba palikuwa na mabaka mapana meusi yaliyotanuka kila upande, kama wino uliodondokea karatasi yenye kunyonya. Nilichukua sandukuni kile kioo cha zamani, cha nyota ya kawaida, nikakiweka kando yake. Cha zamani kilikuwa safi. Mistari yake ilisimama myembamba, mmoja mmoja.

"Niambie," Mwalimu alisema.

Niliona nimeharibu. Niliona lile giza ambamo nyota ilipotea na mimi nikazungusha kwa kukisia. Nilimwambia vyote, bila kupitia kwa mtu. Nilimwambia ilipotea na kwamba sikumwambia. Nilimwambia utepe umetanuka wote.

Mikono ya mama mkwe ilianza kuchoka, kanga ikashuka kidogo.

"Kwenye kioo kuna tepe nyingine?" Mwalimu aliuliza hatimaye. "Nyota nyingine ndogo lazima ziliingia. Tafuta pembeni."

Nilitafuta. Karibu na ukingo palikuwa na utepe mdogo, hafifu, wa nyota jirani ambayo haikuwa na habari na mambo yetu.

"Upo mmoja."

"Mistari yake ikoje?"

Nilikisogeza kioo karibu na jicho. "Myembamba. Kama unywele."

"Haikutanuka?"

"Haikutanuka hata kidogo."

"Mkono wako ungetikisika, huo mdogo nao ungetanuka," alisema. "Umeingia wakati mmoja, kwenye kioo kimoja. Hukutikisika wewe. Ni nyota."

Nilikaa chini palepale mlangoni. Yeye alisogea mbele, amesahau kanga na mkewe na kila kitu, akaniuliza maswali kwa haraka. Mabaka yapo mahali pale pale palipo na mistari ya kioo cha zamani? Nikapima kwa ukucha, moja baada ya jingine. Yapo mahali pale pale. Basi kinachoungua ni kilekile, alisema, kwenye ile ya kawaida na kwenye hii. Ila hii imerusha vitu vyake kwa kasi ambayo ile haikuijua, vingine vinakuja kwetu na vingine vinatukimbia, ndiyo maana mstari unavutwa pande zote mbili. Ndiyo maana pia imeisha upesi.

Niliinua uso kumsikiliza, na nikamwona. Kanga ilikuwa imeshuka. Alikuwa mume wangu tu, aliyezeeka, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Mama mkwe aliniona nikitazama. Aliinua kanga.

Majuma mawili matatu baadaye, mvua zilipoanza, damu ilinitoka. Haikuwa nyingi, ila ilikuwa damu. Mama mkwe alinilaza nyumbani kwake, akainua kitanda kwa matofali upande wa miguuni, akakataza nisinyanyuke hata kwa haja. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Usiku wa pili nilimsikia akizungumza barazani.

"Mtoto huyu akipotea, hilo sanduku nalitupa ziwani."

"Akipotea," Mwalimu alisema, "nitalibeba mimi mwenyewe, unishike mkono tu mpaka majini."

Nililala vile mpaka damu ikakata, na hata ilipokata aliniweka kitandani mpaka nikasahau kutembea. Mtoto wa kike alizaliwa katikati ya masika, maji ya mto yamefika kwenye ngazi ya nyumba, mkunga amekuja kwa mtumbwi. Alilia kabla hajamalizika kutoka. Mama mkwe alimpokea, akamkagua kila kidole, akampangusa, akamkagua tena. Kisha akamfunga akampeleka barazani kwa babu yake. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona Mwalimu akipapasa uso mdogo kwa kidole gumba.

"Anafanana na nani?" aliuliza.

Mama mkwe aligeuka akanitazama kitandani, kwa muda ulionitosha kuogopa.

"Muulize aliyemzaa," akasema. "Si mmezoea."

Hatukuzoea sana. Tuliendelea na desturi, maana hakuna aliyejua namna nyingine ya kuishi. Nilikula mbali naye, nilipita nyuma ya nyumba, nilijifunika. Lakini wigo ule wa mianzi haukung'olewa, na mama mkwe hakuuliza kwa nini jioni nyingine nilikaa upande mmoja nikichambua mboga wakati mumewe amekaa upande wa pili.

Mume wangu alirudi vita vilipokwisha, amekonda na hasikii vizuri sikio moja. Mmisionari wa zamani hakurudi. Mwalimu aliwakabidhi wamisionari wapya vile vioo viwili, vimefungwa kwenye pamba na majani makavu ya mgomba, viende kwa watu wa kazi hiyo Ulaya, na yule aliyevitaka aulizwe kama yuko hai. Walivipokea kwa heshima. Hatukupata habari. Kila mgeni wa misheni alipopita Mwalimu aliuliza, na kila mgeni aliahidi kuuliza.

Miaka yake ya mwisho hakutoka tena nje ya ua. Nikiwa na mtoto wa tatu mgongoni, alikuwa bado ananiita kupitia mianzi. Hakuniita kwa jina, alikohoa tu kwa namna fulani. Alitaka nimweleze tena vile vioo viwili. Nilimweleza cha kwanza, mistari myembamba, mmoja mmoja. Kisha cha pili, mabaka, mahali pale pale. Aliuliza kuhusu ile nyota jirani, kama nina hakika.

"Nina hakika, tata."

"Ndaga fijo," alisema, yaani ahsante sana, nami nikarudi jikoni kugeuza ndizi.